Msumeno Unaotosha Mti

Mtu aliyeishi na msumeno wa moto utamtambua dukani, kabla hajaingia nao msituni. Asiyejua kazi huuliza kwanza nguvu ya injini, kisha bei, kisha anaomba uwashwe asikie mngurumo. Fundi wa kuangusha miti haanzi huko. Anamwomba muuzaji afunge cheni na ule upanga wa chuma ambao cheni huuzunguka, maana msumeno usiovishwa vifaa vyake hudanganya uzito. Anaushika kwa mkono wa kushoto peke yake, kwenye mpini wa mbele, anauacha uning'inie, na macho yake yanakwenda kwenye ncha ya upanga. Ncha ikibaki sawasawa na sakafu, au ikainama kidogo tu, anaendelea. Ikizama, anaurudisha kaunta bila maneno mengi, kwa sababu anajua kwamba kiwiko chake ndicho kitakachokuwa kinaiinua ncha ile mpaka jioni.

Baada ya hapo anaulaza ubavu, kama anayekata mti usawa wa ardhi, na kuangalia kidole gumba kimepata wapi pa kujifunga. Anainama na kuutembeza juu ya gogo ambalo halipo, akifyeka matawi ambayo hayapo. Wateja wengine wanaweza kumshangaa. Mimi nimewaangalia mafundi wa Mafinga wakifanya hivyo nikapenda kuendelea kuangalia, maana hapo ndipo ujuzi wa miaka unapoonekana wote kwa pamoja, ingawa hakuna hata chembe moja ya mbao iliyokwisha kudondoka.

Mafinga ni mahali pake hasa. Mji huu wa wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, unaishi kwa miti. Shamba la Miti la Sao Hill, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Eneo lake linazidi hekta 130,000. Kulizunguka kuna mashamba ya watu binafsi, ya vijiji na ya makampuni, na ukishika njia ya Njombe hadi Makete unaendelea kuyaona. Mti mkuu ni msindano, hasa ule uliotoka Mexico ambao wataalamu wanauita Pinus patula. Unaofuata ni mkaratusi, ambao wengine huuita mlingoti, mti wa nguzo za umeme. Magogo ya msindano yanapasuliwa na mashine ndogo za kuhamishika ambazo huku kila mtu anaziita dingdong, au yanapakiwa kwenye malori kwenda viwandani.

Kwa hiyo msumeno wa moto, chensoo kama vijana wanavyouita, una kazi tatu msituni huku: kuuangusha mti, kuufyeka matawi, na kuukata vipande vya urefu uliotakiwa. Kupasua mbao ni kazi ya dingdong. Hili ni jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulitia akilini, kwa kuwa linabadilisha kila kitu. Msindano uliofikia umri wa kuvunwa huwa na unene ambao watu wawili hawahitajiki kuukumbatia. Mingi ina shina la sentimita 25 hadi 40 usawa wa kifua. Kuuangusha ni dakika chache tu. Matawi ndiyo yanayokula muda. Yamepangana shinani kwa mizunguko, mzunguko juu ya mzunguko, mengine yamekauka yakawa magumu, mengine mabichi yanachuruzika utomvu, na fundi anatembea kando ya shina lililolala akiyaondoa moja baada ya jingine, msumeno ukipanda, ukishuka na kugeuzwa ubavu. Hapo ndipo uzito unapodai malipo yake, na ndiyo maana msumeno wa kati upo.

Wapo wanaoamini kwamba mashine kubwa haikosei. Naelewa imani hiyo ilikotoka. Katika misitu ya asili, ambako gogo la mvule au la mkangazi lilikuwa pana kuliko meza ya kulia, ilihitajika mashine kama Stihl 070, yenye silinda ya zaidi ya cc 100, mzunguko wa taratibu na nguvu ya kusukuma upanga mrefu ndani ya mti mgumu bila kulalamika. Mashine ile imefanya kazi kubwa katika nchi nyingi za joto na wakongwe wanaizungumzia kwa heshima inayoistahili. Lakini mpe kijana aingie nayo kwenye kitalu cha misindano alfajiri. Itaangusha mti kwa sekunde, kisha itamchosha kwenye matawi, na mtu aliyechoka ndiye anayejikata.

Msumeno wa kati, kwa hesabu ya wanaouza na wanaoutumia, ni ule wenye silinda ya kuanzia cc 50 hivi hadi 60 na kitu; juu ya hapo, karibu na 70, unaanza kuingia kundi la wakubwa. Mifano inayojulikana sana ni Stihl MS 261, yenye cc 50.2, kilowati 3.0 na uzito wa kilo 4.9 bila upanga wala cheni; kaka yake MS 362, yenye cc 59, kilowati 3.5 na kilo 5.6, na kwa upande wa Husqvarna, 550 XP na 562 XP, ambazo zinapangana nazo karibu sawa. Husqvarna 372 XP, yenye cc 70.7, inapendwa na wenye mikaratusi minene, nami siwezi kubishana nao. Mkaratusi mbichi ni mzito na mgumu kuliko msindano, na injini inausikia.

Tofauti ya gramu 700 kati ya cc 50 na cc 59 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Ongeza upanga na cheni, ongeza mafuta na oili ya cheni, na msumeno wa cc 59 unafika karibu kilo saba na nusu mkononi. Sasa uinue na kuushusha kwenye kila tawi la kila mti wa siku nzima. Ndiyo maana fundi anapima kwa mkono. Tarakimu za kwenye boksi ni za kweli, ila boksi halijui bega la mnunuzi.

Lipo jambo jingine ambalo boksi halilijui, nalo ndilo lililonivutia kuliko yote: urefu wa mlima. Mashamba ya Mufindi yako kati ya mita 1,700 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini inayovuta hewa yenyewe, bila kipulizio, hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: kwenye mita 1,800 umeshapoteza karibu asilimia 18. Kilowati 3.0 ulizolipia zimebaki kama mbili na nusu. Msumeno uliokuwa wa kati dukani Dar es Salaam, ukifika Mafinga umeshuka daraja.

Siku hizi misumeno mingi ya kitaalamu ina kabureta inayoongozwa na kompyuta ndogo, inayopima mwendo wa injini na kurekebisha mafuta yenyewe. Stihl wanaiita M-Tronic, Husqvarna wanaiita AutoTune. Ni kifaa chema sana. Kinaokoa injini na kinampunguzia fundi kazi ya bisibisi. Lakini hewa ambayo haipo hakiwezi kuileta. Kinaweka uwiano sahihi wa mafuta kwa hewa iliyopo, basi. Fundi mmoja mtu mzima alimweleza kijana wake jambo hili nikiwa karibu, kwa maneno machache: "Mwanangu, huku juu nunua hatua moja zaidi ya unayoitaka, lakini usinunue mbili." Kijana aliitikia, "Sawa, mzee," na macho yake yalikuwa bado kwenye mashine kubwa iliyotundikwa ukutani. Ushauri ule una hesabu kamili ndani yake. Cc 59 ikitolewa asilimia 18 inabaki na nguvu inayokaribia ya cc 50 iliyo pwani, na hiyo ndiyo inayotosha msindano. Ukienda cc 72, umejirudishia nguvu na kupita, ila umejitwika uzito ambao mlima haukupunguzii hata gramu moja.

Wenye misumeno ya kabureta ya kawaida, ile ya bisibisi, wana somo lao la ziada, na hili huua injini nyingi kimyakimya. Kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, mafuta yanaonekana mengi, injini inatoa moshi na kusitasita, basi fundi anapunguza mafuta hadi ilie vizuri. Sawa kabisa. Kisha anapata kazi bondeni, tuseme Kilombero au huko Rufiji, anashuka na msumeno uleule bila kugusa bisibisi. Kule hewa ni nzito na mafuta yamebaki yaleyale machache. Injini inalia kwa sauti nyembamba ya juu, inakata kwa kasi inayofurahisha, na ndani yake pistoni inaungua, kwa sababu katika injini hizi oili ya kulainisha inakuja na petroli. Mafuta yakipungua, ulainisho nao umepungua. Fundi mzuri anasikiliza. Msumeno ukiwa huru, nje ya mti, mafuta yote yakiwa yamefunguliwa, unatakiwa uwe na kakigugumizi kadogo katika sauti yake, kanakopotea mara tu cheni inapoingia kwenye mti. Ukilia safi, wembamba, bila kigugumizi hata ukiwa hewani, fungua mafuta kidogo kwa bisibisi.

Uwiano wa kuchanganya ni suala la nidhamu tu: kwa oili nzuri ya 2T, sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Kipimo kiwe cha chupa yenye alama. Wako wanaomimina kwa kukadiria rangi, na rangi haina kipimo.

Upanga nao huchaguliwa kwa kiasi. Kwa msindano na msumeno wa cc 50 hadi 60, inchi 15 hadi 18 zinatosha, na inchi 18, sawa na sentimita 45, ni urefu unaopendwa kwa sababu unafikia gogo chini bila kumwinamisha sana mtu. Inchi 24 zinapendeza kwenye picha. Kila inchi ya ziada ni uzito uliowekwa mbali na mwili, ni cheni ndefu zaidi ya kuvutwa na injini ileile, na ni meno zaidi ya kunoa.

Meno. Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ufundi ulipo. Injini inanunuliwa, makali hayanunuliwi, yanatengenezwa upya kila siku na mkono.

Cheni ya kwanza ya misumeno hii ilikuwa na meno ya kukwaruza, sawa na ya msumeno wa mkono, na yalichakaa haraka. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani aitwaye Joe Cox, katika jimbo la Oregon, alimwona kiluwiluwi wa mdudu mtoboa miti akila kuni. Yule funza alikuwa akipita kwenye nyuzi za mti, kwa urefu na kwa kukatiza, bila shida, kwa taya mbili zilizopinda, moja upande huu na moja upande ule. Cox alitengeneza chuma kwa mfano wa taya zile, na mwaka 1947 akaanza kuuza cheni yake. Misumeno ya leo, ya kampuni yoyote, karibu yote inabeba wazo hilo: jino la kushoto, jino la kulia, yakipokezana.

Chukua jino moja ulitazame kwa karibu. Ni randa ndogo ya seremala. Nyuma kuna makali yaliyopinda, yenye bapa la juu linalonyanyua na ubavu unaokata nyuzi. Mbele yake kuna kinundu kifupi kinachoteleza juu ya mti na kuamua jino liingie kina gani. Tofauti ya kimo kati ya makali na kinundu kile ni sehemu ya milimita, kwa kawaida 0.65. Kinundu kikiwa juu sana, jino linaelea na kulamba vumbi. Kikiwa chini sana, jino linang'ata zaidi ya uwezo wa injini, msumeno unarukaruka na mikono inakufa ganzi. Kwa hiyo kila unaponoa makali mara kadhaa, unapima kinundu kwa kibao maalumu na kukipunguza kwa tupa bapa, taratibu sana, maana ukipitiliza huwezi kukirudisha.

Cheni ya upanga wa inchi 18, kwa kipimo cha tatu kwa nane kinachotumika sana kwenye msumeno wa cc 59, ina meno 33. Hiyo si namba shufwa, kwa hiyo mahali pamoja kwenye duara meno mawili ya upande mmoja yanafuatana. Mafundi wanapajua mahali hapo na wanapatumia kama alama ya kuanzia na kumalizia. Lakini kabla ya kuanza, fundi anazungusha cheni yote kwa vidole akitafuta jino lililo fupi kuliko mengine, lile lililogonga jiwe au msumari. Hilo ndilo linalotawala. Mengine yote yatanolewa hadi yalingane nalo, kwa sababu jino refu linakula zaidi, na upande wenye meno marefu unauvuta msumeno mpaka mkato unapinda kama mundu.

Tupa ya duara kwa cheni hiyo ni ya milimita 5.2, kwa cheni ndogo ya 0.325 ni milimita 4.8. Haibadilishani. Fundi anaubana upanga kwenye ufa aliouchonga juu ya kisiki, anafunga breki ya cheni ili isiteleze, anaweka tupa kwa pembe ya digrii 30 na kuisukuma kutoka ndani kwenda nje. Kusukuma tu, hairudishwi ikikwaruza. Misukumo miwili au mitatu kwa jino, yote kwa nguvu moja, kisha jino linalofuata la upande uleule. Akimaliza upande, anageuka yeye, hageuzi mkono. Kila mtu mkono wake mmoja una nguvu kuliko mwingine, na fundi mzuri anaujua wa kwake, basi upande dhaifu anauongezea msukumo mmoja. Nimeona hilo likifanywa bila kusemwa, na ndilo linalonifanya niwaheshimu watu hawa: wamejipima wenyewe kama walivyopima chuma.

Matokeo yanaonekana chini. Msumeno mkali unatema vipande, chembe nene za mraba zinazojaa kwenye buti. Msumeno butu unatema unga. Msumeno mkali unajivuta wenyewe ndani ya gogo, mtu akiushika tu na kuuongoza. Butu unasukumwa, na kusukuma huku ndiko kunakounguza upanga, kunakochosha klachi na mgongo, na kumfanya mtu aseme mashine yake haina nguvu. Katika mkato, injini ikiwa kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika, cheni ya namna hii inakwenda zaidi ya mita 20 kwa sekunde, na meno zaidi ya 500 yanapita sehemu moja ndani ya sekunde hiyo. Kosa dogo la tupa linarudiwa mara 500 kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote: mwenye cc 50 na cheni iliyonolewa hivi atamaliza kitalu kabla ya mwenye cc 70 na cheni ya kubahatisha.

Lipo pia suala la umbo la jino. Jino lenye kona kali ya mraba hukata haraka kuliko yote kwenye mti safi. Jino lenye kona ya mviringo ni la polepole kidogo, lakini linavumilia. Misindano ya Mufindi huburutwa ardhini, magome yanashika udongo mwekundu na mchanga, na kona kali ya mraba ikigusa mchanga imekwisha. Fundi anayekata mti ukiwa umesimama anaweza kuchukua la mraba. Anayekata vipande kwenye uwanja wa magogo achukue la mviringo, na hatajuta.

Kuhusu usalama sitaki kupita haraka, kwa sababu ni sehemu ya uchaguzi wenyewe. Robo ya juu ya ncha ya upanga ndiyo sehemu ya hatari. Ikigusa gogo jingine au tawi wakati cheni inakimbia, msumeno unarushwa nyuma na juu, kuelekea uso na shingo, kwa kasi ambayo hakuna mtu anaweza kuishinda. Tangu mapema miaka ya 1970 watengenezaji wakubwa wanaweka breki ya cheni, ile ngao ya mbele ya mpini wa kushoto, inayosimamisha cheni kwa sehemu ya sekunde. Msumeno ambao breki yake haifanyi kazi haununuliwi hata kwa bei ya kutupa, na ukiharibikia mikononi mwako hauingii msituni mpaka utengenezwe. Mpini nao uwe umetenganishwa na injini kwa springi au raba. Mtetemo wa siku nyingi unaharibu mishipa ya damu ya vidole, vinaanza kuwa vyeupe na ganzi asubuhi za baridi, na Mufindi ya mwezi wa saba ina baridi ya kutosha. Suruali ya kinga ina nyuzi ndefu ndani. Cheni ikigusa, nyuzi zinachomoka, zinajizungusha kwenye gia na kuisimamisha. Kama fedha hazitoshi msumeno mkubwa na suruali, chukua msumeno mdogo na suruali.

Jinsi ya kutofautisha mashine ya kazi na mashine ya nyumbani ni jambo ambalo wengi hulikosa, kwa kuwa kwa nje zinafanana na rangi ni ileile. Stihl MS 250, kwa mfano, ina cc 45 na ni mashine nzuri ya mtu mwenye shamba lake, ya kupunguza matawi na kukata kuni mwisho wa wiki. Ila haikuundwa kubeba kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Mashine ya kitaalamu ina kasha la injini la magnesi, na silinda yake imefungwa kwa bolti juu ya kasha hilo, inafunguka peke yake ikatengenezwa. Unalipa zaidi, na unachonunua ni mashine inayoweza kufufuliwa. Halafu ziko za bandia, zilizovaa rangi na majina ya wengine. Hizo fundi anazijua kwa kugusa: plastiki yenye kingo zisizosafishwa, kifuniko cha tangi kisichokaa sawa, skrubu laini zinazoharibika kichwa kwa bisibisi ya kwanza. Swali la kumwuliza muuzaji ni moja: vipuri viko wapi? Kama plagi, chujio la hewa, kamba ya kuwashia na gia ya cheni havipatikani Mafinga, Makambako au Iringa mjini, basi msumeno huo, uwe wa jina lolote, ni wa nchi nyingine. Na kabla hujauwasha msituni, pitia ofisi ya misitu ya wilaya uulize masuala ya usajili na vibali, maana msumeno wa moto ni chombo kinachofuatiliwa.

Nimemwona fundi wa cc 59 akifanya kazi yake asubuhi, na chombo na mtu vilikuwa vimekutana. Anauzunguka mti kwanza, akitazama juu: umeegemea wapi, matawi yamezidi upande gani, upepo unatoka wapi. Anasafisha njia yake ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari. Kisha anakata mdomo upande anaotaka mti uende, kina cha robo ya unene au pungufu, mikato miwili ikikutana bila kupitana hata kidogo. Anahamia nyuma na kukata juu kidogo ya usawa wa mdomo, akiacha katikati ukanda wa mti usioguswa, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Kwa shina la sentimita 35 huo ni ukanda wa sentimita tatu na nusu, na ndio bawaba inayouongoza mti wote mpaka chini. Kuikata bawaba kwa pupa ni kuuachia mti ujiamulie. Hapa msumeno wenye uwiano unalipa: upanga unakaa sawasawa ndani ya mti kwa uzito wake, fundi hapigani nao, na akili yake yote iko kwenye ukanda ule na kwenye mlio wa nyuzi zinazoanza kuachia. Mti unaposogea anachomoa, anafunga breki, anarudi nyuma kwa mshazari bila kuugeuzia mti mgongo.

Kwa anayenunua sasa, yaani msumeno mpya, kwenye miinuko hii, kwa misindano hii, ushauri wangu ni cc 59 au 60, upanga wa inchi 18, cheni ya kona ya mviringo, na cheni ya pili mfukoni tangu siku ya kwanza. Nunua tupa tatu, kishikio chake chenye alama za digrii, na kibao cha kupimia kinundu. Vyote pamoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine na ndivyo vitakavyoamua kama umenunua mashine. Kwenye tangi la cheni weka oili ya cheni. Oili chafu iliyomwagwa kutoka gereji ina chembe za chuma, inaziba pampu na inaula upanga, na mtu anavuta mvuke wake siku nzima. Matangi machache ya mwanzo usiilize injini kwa mafuta yote ikiwa haina mzigo. Cheni mpya italegea baada ya mikato michache: zima, subiri ipoe, ikaze mpaka ikumbatie upanga na bado uweze kuivuta kwa vidole vyenye glavu. Na ukiwa umeikaza ikiwa ya moto katikati ya kazi, ilegeze kabla hujaondoka msituni jioni, kwa sababu ikipoa inasinyaa, na usiku kucha itakuwa inaivuta shafti ya injini na beringi zake.